Mipira Iliyokatwa Katika Injini Kuukuu

Asubuhi moja, karibu na Chuo cha Uvuvi cha Mbegani, wilayani Bagamoyo, nilifunguliwa boneti ya pikapu, Toyota Hilux ya miaka ya 1980, iliyokuwa ikipeleka samaki Dar es Salaam, safari ya kilomita 60 na ushei. Juu ya injini ile ya petroli nilihesabu mipira myembamba saba iliyokatwa. Mingine ilikuwa imezibwa kwa skrubu, na mingine imeachwa wazi. Kando ya manifoldi ya moshi palikuwa na tundu lililofunikwa kwa kipande cha bati la kopo.

"Shikamoo, mzee. Vitu hivi vilikuwa na kazi gani?" nilimwuliza mwenye gari.

"Marahaba, mwalimu. Fundi alisema ni mapambo ya Wajapani, yanakula mafuta bure, akayatoa. Lakini tangu siku hiyo gari halishiki sailensa, na utingo wangu kila tukifika Bunju analalamika kichwa. Nadhani ni harufu ya samaki."

Haikuwa harufu ya samaki. Bati lile lilikuwa limetobolewa na joto, na moshi wa injini ulikuwa ukivuja chini ya boneti na kuingia chumba cha dereva kupitia matundu ya pedali. Katika moshi wa petroli mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu iliyokwisha kushikwa hivyo haiwezi kubeba oksijeni, na dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi. Utingo afungapo dirisha siku ya mvua, akasinzia, huenda asiamke.

Yafaa basi tujiulize vifaa vile viliwekwa kwa sababu gani. Habari yenyewe inaanzia mbali na Bagamoyo, katika jiji la Los Angeles, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha kwamba ukungu uliokuwa ukiwasha watu macho jijini humo ulitokana na mvuke wa petroli na oksidi za naitrojeni, vikibadilishwa na mwanga wa jua kuwa ozoni na sumu nyingine. Watengenezaji wa magari wakalazimika kuziba njia za uchafu huo, moja baada ya nyingine.

Njia ya kwanza ni tumbo la injini lenyewe. Ringi za pistoni hazizibi kabisa. Sehemu ya gesi hupenya na kushuka katika oili. Zamani gesi hizo zilitolewa barabarani kwa bomba. Magari ya California ya mwaka 1961 yaliwekewa vali ndogo inayozivuta zirudi manifoldi ya kuingizia hewa, zikaungue. Mafundi wengi huitoa vali hii kwanza, nami naona hakuna kosa kubwa kuliko hilo, maana ndiyo yenye faida dhahiri kwa mwenye gari. Ukiiziba, shinikizo hupanda, oili husukumwa nje kupitia sili, na maji na asidi hubaki ndani mpaka oili ikawa tope. Ukiuacha mpira wake wazi upande wa manifoldi, hewa isiyopitia kabureta huingia. Petroli huungua vema kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Hewa ikizidi mno injini humisi, hutetemeka, na vali za moshi huweza kuungua. Ndiyo maana pikapu ile haikushika sailensa.

Tundu lile la bati lilikuwa makao ya vali nyingine, ile inayorudisha moshi kidogo ndani ya silinda. Mwanafunzi atashangaa: kwa nini kuilisha injini moshi? Moshi hauungui tena, bali hufyonza joto, hivyo kilele cha joto la mwako hushuka. Naitrojeni na oksijeni, ambazo kwa kawaida hukaa pamoja kwa amani, huungana haraka joto lipitapo nyuzi 1,300 hivi za sentigredi:

N₂ + O₂ → 2NO

Vali ikiondolewa, gesi hii huongezeka, na injini iliyopangiwa taimingi kwa kuitegemea vali huweza kugonga ipandapo kilima.

Kopo jeusi lenye makaa hunasa mvuke wa petroli kutoka tangini, kisha injini huuvuta na kuuchoma. Walimu waweza kuonyesha kazi ya makaa darasani: weka vipande sawa vya samaki katika makopo mawili yenye vifuniko, kimoja kikizungukwa na unga wa mkaa, na uyafungue kesho yake.

Gari lile halikuwa na masega ya ekzosi, kwa hiyo siyasemi kwa kirefu. Masega yana platini, paladi na rodi, na hugeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Enzi za petroli yenye risasi, kuyatoa kulikuwa na udhuru, kwani risasi huyaua. Udhuru huo ulikwisha petroli hiyo ilipoondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006.

Tulianza na tundu la moshi. Vali yake haikupatikana, hivyo fundi alikata bamba la chuma la milimita 3 akalifunga kwa boliti na gasketi isiyoungua, kisha akarudisha taimingi nyuma kidogo. Si dawa kamili, maana gesi ya NO itaendelea kutoka. Lakini chumba cha dereva kilikuwa salama. Mipira ya vali ya tumbo la injini na ya kopo la makaa ilibadilishwa kwa mipira mipya ya mafuta, kwa kufuata mchoro uliobandikwa chini ya boneti ambao hakuna aliyewahi kuusoma. Uvujaji uliosalia tuliutafuta kwa kipande cha mpira kilichowekwa sikioni: mahali pavujapo hupiga mluzi.

Injini ilishika sailensa kabla ya adhuhuri. Mzee aliomba nimchoree mchoro ule katika karatasi kubwa, akamrudishie fundi.