Steshenari nje ya geti

Ukitaka kujua ni ofisi gani inawachosha wananchi, usianze na ripoti yake ya mwaka. Simama nje ya geti lake uhesabu steshenari. Ofisi inayomaliza shida ya mteja dirishani haina sababu ya kuzungukwa na vijana wenye kompyuta, skana na mashine za fotokopi. Ofisi inayomrudisha mteja leo kwa sababu ya picha, kesho kwa sababu ya muhuri na keshokutwa kwa sababu mtandao uko chini, hiyo huzaa mtaa mzima wa biashara ng'ambo ya barabara.

Biashara hiyo ni kubwa kuliko uzito tunaoipa kwenye kurasa za uchumi. Nchini Tanzania inaitwa steshenari, ingawa kalamu na madaftari hukaa rafuni yakiota vumbi. Nchini Kenya inaitwa saiba. Kazi yake ni kumvusha mteja: kumjazia fomu ya TIN, kumsajilia jina la biashara BRELA, kumwombea cheti cha kuzaliwa RITA, kumpakia vyeti kwenye Ajira Portal, kumtolea kontrol namba ya malipo, kumpunguzia picha ukubwa mpaka mfumo uikubali. Fotokopi ni shilingi 100 au 200 kwa ukurasa, na hapo hakuna faida ya kulipia kodi ya fremu. Faida iko kwenye kujaziwa. Bei ya kujaziwa haijabandikwa ukutani. Hupanda siku za mwisho za maombi, na hupanda zaidi kwa mteja anayeonekana kuogopa kompyuta.

Fedha hiyo inapaswa kuitwa gharama ya huduma mbovu, kwa sababu ndivyo ilivyo. Ofisi imeacha sehemu ya kazi yake, na mwananchi analipa mtu mwingine aifanye. Gharama hiyo haionekani kwenye bajeti ya taasisi wala kwenye hesabu za mkaguzi, kwa hiyo mkurugenzi anaweza kusimama jukwaani akasema kwa uaminifu kabisa kwamba huduma yake ni bure.

Mfano ulio wazi zaidi ni mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu. Ada ya maombi ya Bodi ya Mikopo, HESLB, imekuwa shilingi 30,000 kwa miaka kadhaa. Kabla ya kuomba, cheti chake cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, taasisi ya serikali ileile yenye dhamana ya vyeti hivyo. Kama amefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa. Ndipo anajaza fomu mtandaoni. Akimaliza anaichapisha, anaipeleka serikali ya mtaa igongwe muhuri, anamtafuta mdhamini atie saini, anakwenda kwa wakili au hakimu aithibitishe, kisha anarudi steshenari kurasa ziskaniwe na kupakiwa kwenye mfumo uleule alikoanzia. Karatasi imetoka kwenye kompyuta, imezunguka kata nzima, imerudi kwenye kompyuta.

Anayezungushwa hivyo ni kijana anayeomba mkopo kwa kuwa kwao hakuna fedha. Akikosea jina moja la kati, likiwa na herufi tofauti na lile la cheti cha kidato cha nne, anaanza upya. Na kijana wa Kasulu au Masasi vijijini analipa pia nauli ya kwenda mjini kila anapoitwa kurekebisha. Sijaona hoja inayotosha kueleza kwa nini taasisi mbili za serikali moja zimtume yeye abebe ujumbe kati yao.

Serikali inalijua tatizo hili, tena kwa lugha yake. Kwa miaka sasa viongozi wamekuwa wakiagiza mifumo isomane. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, yenye jukumu la kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Mafanikio yapo. Kontrol namba, iliyoingia mwaka 2017 na mfumo wa malipo wa GePG, ilipunguza foleni za benki na risiti za mkono, na fedha nyingi ya umma sasa hufika inapotakiwa bila kupita mfukoni mwa karani. Lakini ukitazama kwa makini utaona kwamba kusomana kulitangulia pale serikali inapopokea fedha. Pale mwananchi anapopokea huduma, bado anabeba bahasha.

Mjasiriamali mdogo anaionja hali hiyo kuliko wote. Mama anayetaka kutoa siagi ya karanga jikoni kwake na kuiweka dukani anahitaji TIN ya TRA, jina la biashara la BRELA, leseni ya halmashauri, alama ya ubora ya TBS, usajili wa sehemu ya kazi OSHA, cheti cha Zimamoto, vipimo vya afya vya wafanyakazi, na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kila mlango una mfumo wake na nywila yake, na kila mmoja unauliza upya jina, namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA na mahali biashara ilipo. Mpango wa maboresho wa mwaka 2018, ule unaoitwa Blueprint, ulikusudiwa kupunguza milango hiyo. Tozo kadhaa zilifutwa, na mwaka 2019 kazi ya kudhibiti chakula na vipodozi ilitoka TFDA ikaenda TBS, kwa hiyo mzalishaji hakulazimika tena kuhudumia wakubwa wawili kwa chupa moja. Hayo ni mabadiliko ya kweli. Kilichobaki ni muda. Chukulia mama huyo anabakiza shilingi 15,000 kwa siku. Siku tatu za kufuatilia kibali ni 45,000 iliyopotea kabla ya nauli, fotokopi na hela ya kujaziwa, na hiyo ni safari ya mlango mmoja tu.

Benki ya Dunia ilikuwa na kipimo chake cha mambo haya. Katika toleo la mwisho la Doing Business, la mwaka 2020, Rwanda ilikuwa ya 38 kati ya nchi 190, Kenya ya 56, Uganda ya 116 na Tanzania ya 141. Ripoti ilisitishwa mwaka 2021 baada ya kubainika kasoro katika takwimu zake. Mimi siililii sana. Ilihesabu hatua rasmi za kampuni ya mfano katika jiji kubwa, kwa maelezo ya mawakili na wataalamu. Alicholipa mtu kwenye steshenari ili afike hatua ya kwanza hakikuwa na safu yake.

Kenya ilitangulia kuhamia mtandaoni, na inatufundisha kwamba kompyuta peke yake haimwondoi mtu wa kati. Kituo cha kwanza cha huduma za serikali, Huduma Centre, kilifunguliwa Nairobi, kwenye jengo la posta kuu, Novemba 2013, na jukwaa la mtandaoni la eCitizen likafuata mwaka 2014. Mwaka 2023 Rais William Ruto aliagiza huduma zote za serikali ziingizwe humo, na idadi ikapita 5,000. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo jukwaa lilishambuliwa kimtandao na huduma zikayumba kwa siku kadhaa, wakati mlango wa zamani ulikuwa tayari umefungwa. Ada ya shilingi 50 za Kenya inayoongezwa juu ya malipo imelalamikiwa mpaka mahakamani. Saiba hazikufungwa. Kila inapokaribia Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, zinajaa. Wengi waliopanga foleni humo ni wanafunzi na vijana wasio na ajira, ambao walichukua PIN ya mamlaka ya mapato, KRA, kwa sababu bodi ya mikopo, HELB, au benki iliidai. Wanalipa saiba itangaze kwamba hawana kipato, wakihofia faini ya shilingi 2,000. Mfumo unaomtoza mtu asiye na kitu ili athibitishe kwamba hana kitu unahitaji kusukwa upya, na si kuongezewa matangazo ya redio ya kuwahimiza watu wawahi.

Hasira hukaa kimya muda mrefu, halafu hutoka. Nchini Tanzania, Januari 2020, wakati mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipotaka kila laini ya simu isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA yenye tarakimu 20, watu waliamkia kwenye ofisi za NIDA alfajiri, hata baada ya Rais John Magufuli kuongeza siku 20. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kikosi kazi cha kodi na usajili wa stoo, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena, safari hii na mikoa mingine ikafuata. Ukisikiliza walichosema pale, kiwango cha kodi kilikuwa sehemu tu ya lalamiko. Walichokitaja kwa uchungu ni namna wanavyotendewa: kukamatwa barabarani na mzigo, kudaiwa karatasi ambayo ofisi nyingine imeshaipokea, kutopata mtu wa kumweleza.

Kampuni nazo zina ofisi nzuri zaidi, lakini mzigo unahamishwa vilevile. Unapiga simu huduma kwa wateja, sauti inakwambia bonyeza moja, bonyeza tatu, unasikiliza tangazo la bando jipya wakati bando la zamani ndilo lililokupigisha simu. Anapokea kijana mwenye adabu kabisa. Anaomba radhi, anaahidi kulifikisha kwa wahusika, anakupa namba ya lalamiko. Kesho yake unapata ujumbe kwamba lalamiko limeshughulikiwa, na fedha yako haijarudi. Kijana yule hana kosa. Anapimwa kwa idadi ya simu anazopokea na dakika anazotumia kwa kila moja, na hana mamlaka ya kurudisha hata shilingi elfu moja. Akikaa nawe dakika 40 mpaka tatizo liishe, rekodi yake itaonyesha kwamba ni mzembe.

Kufungua akaunti au kuchukua laini kunamalizika chini ya mwavuli wa wakala barabarani kwa dakika chache. Kufunga akaunti, kurudishiwa makato ya makosa au kudai bima mara nyingi hudai barua, kitambulisho, nakala, na safari ya tawi ulikoanzia. Tofauti hiyo imepangwa. Kitengo cha mauzo kinahesabiwa kuwa kinaingiza fedha. Kitengo cha malalamiko kinahesabiwa kuwa kinazitoa.

Wachumi watasema mteja ana dawa yake: ahame. Tanzania iliruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba tangu Machi 2017, Kenya tangu 2011. Lakini laini ya leo imebeba pochi ya fedha, kikomo cha mkopo kilichojengwa kwa miaka, na akiba ya kikundi. Mtu haachi hayo kwa sababu ya shilingi 3,000 zilizokatwa isivyo halali, na kampuni inalijua hilo. Kwenye umeme wala hakuna pa kuhamia. Mfumo wa kununua umeme wa LUKU uligoma kwa siku kadhaa Mei 2021, na wateja hawakuwa na jingine zaidi ya kupanga foleni kwenye ofisi za TANESCO wakisubiri tokeni.

Kila Oktoba mabenki na kampuni za simu huadhimisha wiki ya huduma kwa wateja, na wakubwa hukaa dirishani siku moja. Ni jambo jema, na lingekuwa jema zaidi kama mkubwa yule angetakiwa kuwasilisha kwenye bodi, kwa maandishi, idadi ya watu aliowaona siku hiyo ambao walikuwa wamekuja kwa shida ileile kwa mara ya pili au zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 47, inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na mamlaka kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki. Huku kwetu tuna mikataba ya huduma kwa mteja iliyobandikwa ukutani, yenye siku zilizoahidiwa kwa kila huduma. Siku zikipita, hakuna anayelipa.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kijana wa steshenari ana namba yako ya NIDA, picha yako, cheti chako, nywila yako, na mara nyingi ndiye aliyekufungulia barua pepe ambayo wewe huijui. Ujumbe wa kuthibitisha ukiingia kwenye simu yako, unamsomea. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, Kenya ilikuwa na yake tangu 2019. Taarifa za maelfu ya watu zimebaki kwenye kompyuta za fremu hizo, katika mafolda yaliyoandikwa majina yao, na kompyuta ikiuzwa zinakwenda nayo.

Sisemi vijana hao wafungiwe. Wengi wao wanawasaidia watu ambao ofisi imewatupa: mzee asiyeona herufi ndogo, mama asiye na simu janja. Rwanda ilipoanzisha jukwaa la Irembo mwaka 2015, kwa ubia wa serikali na kampuni binafsi, ilikubali kwamba si kila raia ataomba mwenyewe, ikaweka mawakala wanaotambulika rasmi. Tanzania na Kenya zinaweza kufanya hivyo kwa fremu ambazo tayari zipo: ziwe na akaunti ya wakala ambayo kila ombi linaacha jina la aliyelijaza, bei ibandikwe mlangoni, na nywila ya mteja isihitajike kabisa. Kisha kila taasisi itangaze kila robo mwaka ni maombi mangapi yalirudishwa na kwa sababu gani. Fomu inayorudishwa mara nyingi kwa kosa lilelile ni fomu mbaya, na mwenye kuirekebisha ni aliyeitunga.