Desen anime: ni nini inafanya mhusika mwanamke abaki mu kichwa cha mtoto?

Umeme ukirudi mangaribi, jambo la kwanza watoto wanaomba ni desen anime. Wazazi wengi wanafurahi juu ya utulivu ule, wanaendelea na kazi yao jikoni ao dukani. Lakini mbele ya televizyo pale, masomo yanaendelea. Mtoto wa kike anaangalia namna mwanamke anavyoongea, anavyoogopa na anavyoamua. Mtoto wa kiume naye anajifunza namna ya kumwangalia dada yake.

Njo maana swali hili si la watu wa sinema peke yao: mhusika mwanamke aliyeandikwa vizuri, tunamtambua kwa nini? Na yule aliyeandikwa ovyo, tunamjua namna gani? Tuchukue filme ambazo wengi wetu tumeshaona, ao tunaweza kuzipata kwenye flashi ya jirani.

Msichana mmoja kati ya vijana wengi

Tuanze na wale watu wadogo wa rangi ya bluu, Schtroumpfs. Aliyewachora ni Mbelgiji Peyo, mwaka wa 1958. Kwenye kijiji chao, kila mmoja anaitwa kwa tabia yake: huyu ni mlafi, yule ananung'unika kila saa, mwingine anavaa miwani na kujifanya mwenye akili. Mwaka wa 1966 akaingia msichana, Schtroumpfette. Yeye jina lake halisemi tabia. Linasema tu kwamba ni mwanamke. Tena, mu hadithi ya kwanza, aliyemtengeneza ni adui Gargamel, ili alete fujo kati ya wanaume wa kijiji.

Mwaka wa 1991, mwandishi Mmarekani Katha Pollitt alichukua jina la mhusika huyo kuelezea ugonjwa wa hadithi nyingi za watoto: wavulana ni wengi na kila mmoja iko na tabia yake, msichana ni mmoja, na tabia yake ni kuwa msichana. Mtoto anayeangalia hadithi kumi za namna ile anaweza kuamini kwamba mwanaume ndiye mtu wa kawaida, na mwanamke ni nyongeza.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1985, mchoraji Alison Bechdel, Mmarekani pia, alikuwa ameweka mu mchoro wake maswali matatu ya kupima filme. Filme iko na wanawake angalau wawili? Wanaongea wao kwa wao? Wanaongea jambo lingine lisilokuwa mwanaume? Ni kipimo kidogo sana. Filme inaweza kufaulu pale na ikawa mbaya, nyingine ikaanguka na ikawa nzuri. Lakini ukijaribu kipimo hicho nyumbani, utashangaa ni filme ngapi zinaanguka kwenye swali la pili.

Anataka kitu, anaogopa kitu, anabadilika

Wengi wanafikiri dawa ni rahisi: tumpe msichana upanga, apige watu, basi. Hapana. Mhusika anayepiga kila mtu, asiyeogopa kitu, asiyekosea hata siku moja, anachosha sawa vile yule anayelia akingoja kuokolewa. Wote wawili hatuwajui ndani.

Angalia Chihiro, mu filme ya Mjapani Hayao Miyazaki ya mwaka wa 2001, ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa Le Voyage de Chihiro. Ni mtoto wa miaka 10. Mwanzoni amenuna ndani ya gari, hataki kuhama. Wazazi wake wanakula chakula kisicho chao, wanageuka nguruwe. Yeye anabaki peke yake kwenye nyumba kubwa ya kuogea, fasi ya mizimu, akitetemeka. Hakuna anayempa nguvu za ajabu. Anaomba kazi kwa Yubaba, mama mwenye nyumba ile, anafukuzwa, anaomba tena, mpaka anapewa. Lakini Yubaba anamnyang'anya jina lake.

Kinachomfanya tumpende ni kazi. Siku moja inaingia roho inayonuka vibaya, imejaa matope, na wakubwa wanamwachia mtoto mzigo ule. Anapoisafisha anagusa kitu kimekwama ubavuni. Wanavuta wote pamoja: inatoka baiskeli, inatoka takataka za kila namna. Kumbe ilikuwa roho ya mto uliochafuliwa na watu. Yule mtoto aliyenuna ndani ya gari ndiye aliyeona kile ambacho wakubwa hawakuona. Tumemfuata hatua kwa hatua, njo maana tunaamini mabadiliko yake. Filme hiyo ilipata Oscar mwaka wa 2003.

Mulan wa mwaka wa 1998, kutoka hadithi ya zamani ya Uchina, ni vilevile. Anaingia jeshini kuchukua nafasi ya baba yake mlemavu wa mguu, na akijulikana ni mwanamke, adhabu ni kifo. Kwenye mazoezi, askari wote wanashindwa kupanda nguzo wakiwa na vyuma viwili vizito mikononi. Mulan hana misuli kupita wao. Anafunga vyuma vile pamoja kuzunguka nguzo, vinakuwa msaada wa kupandia. Mwandishi ametuonyesha akili yake bila mtu yeyote kusema "huyu msichana ana akili."

Luisa na nyanya Alma

Encanto, filme ya mwaka wa 2021 inayotokea Kolombia, iko na wanawake wengi ndani ya nyumba moja, na hakuna anayefanana na mwingine. Tuchukue wawili.

Luisa ni msichana mwenye nguvu kuliko wote. Anabeba punda, anahamisha hata kanisa. Kila mtu kijijini akiwa na shida anaita "Luisa!" Naye hakatai. Mpaka siku anapomwambia mdogo wake Mirabel ukweli: anaogopa kwamba siku hataweza kubeba tena, hatakuwa na faida kwa mtu yeyote. Hapa kwetu, ambapo tunaona kila asubuhi wamama wanapanda mlima na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, hatuhitaji mtu wa kutuelezea Luisa. Wengi tuko na dada kama huyo nyumbani. Tunamsifu juu ya nguvu zake, lakini ni nani anamuuliza kama amechoka?

Mwingine ni nyanya yao, Alma. Karibu filme nzima anaonekana mkali: anahesabu faida ya kila mjukuu, anamweka Mirabel pembeni. Halafu tunajulishwa. Akiwa bado kijana, Alma alikimbia nyumba yake usiku pamoja na mume wake Pedro na mapacha watatu wachanga, watu wenye silaha wakiwafuata. Pedro aliuawa mbele ya macho yake. Nyumba anayoilinda kwa ukali ule ni nyumba ya pili. Anaogopa kupoteza tena.

Filme haisemi kwamba Alma alifanya vizuri. Anakuja kukubali mwenyewe, mbele ya mjukuu wake, kando ya mto ule ule ambapo mume wake alikufia. Lakini inatuonyesha ukali ulitoka wapi. Kwa familia iliyokimbia vita, iliyolala kambini ao kwa ndugu, mazungumzo yanaweza kuanzia pale. Mtoto anaweza kuelewa kwa nini bibi anapiga kelele mlango ukiachwa wazi.

Adui naye iko na sababu

Mwandishi mzuri hapimwi kwa shujaa peke yake. Mpime pia kwa mwanamke mbaya wa hadithi.

Mu Kirikou et la Sorcière, filme ya Mfaransa Michel Ocelot aliyekulia kwa sehemu Guinea, mchawi Karaba anaogopesha kijiji kizima. Watu wanasema anakula wanaume. Kirikou, mtoto mdogo sana, ndiye wa kwanza kuuliza: "Kwa nini Karaba ni mbaya?" Jibu analipata kwa babu yake: kuna wanaume waliomkamata, wakamchoma mwiba wenye sumu mgongoni, na maumivu yale hayaishi. Hata kula wanaume ilikuwa uongo. Aliwageuza kuwa vitu vya kumtumikia. Hadithi haifichi makosa yake, lakini inakataa kumwita mchawi halafu kufunga mlango. Kwenye majimbo yetu, ambapo wamama wazee wanaweza kupoteza maisha juu ya neno hilo moja tu, swali la Kirikou lina uzito.

Miyazaki naye, mwaka wa 1997, alituletea Eboshi ndani ya Princesse Mononoké. Eboshi anakata msitu na kuyeyusha chuma, anapiga risasi miungu ya wanyama. Lakini ndani ya kiwanda chake anapokea wanawake walionunuliwa kutoka nyumba za ukahaba na wagonjwa wa ukoma waliotupwa na kila mtu. Wanawake wale wanamtetea. Anayeishi karibu na karie ya madini anajua swali hilo: mtu anayeharibu mlima anaweza kuwa ndiye anayelisha watoto. Filme inatuachia tufikiri wenyewe.

Penseli haikosei kwa bahati

Mu filme ya kawaida, sura ni ya mchezaji mwenyewe. Mu desen anime, kila kitu kimeamuliwa: ukubwa wa macho, unene wa kiuno, namna ya kutembea. Angalia vizuri filme nyingi: wanaume wanapewa sura za kila aina, wanene, warefu, wazee, wenye pua kubwa. Wanawake wanapewa sura moja, macho makubwa na pua ndogo, tofauti ni nywele tu. Hiyo ni dalili kwamba wachoraji hawakumfikiria mtu, walifikiria urembo.

Sasa fikiria San, msichana aliyelelewa na mbwa mwitu mu Princesse Mononoké. Mara ya kwanza tunamwona vizuri, ana damu mdomoni, juu anafyonza kidonda cha mama yake mbwa mwitu. Sekunde chache tu, na tumeshajua anampenda nani na ni hatari kwa nani.

Ao Parvana, wa filme The Breadwinner ya Nora Twomey, ya mwaka wa 2017. Ni Kabul wakati wa Watalibani. Baba amefungwa, na mwanamke hana ruhusa ya kutoka peke yake. Parvana akienda sokoni kama msichana, anafukuzwa bila kuuziwa kitu. Anakata nywele, anavaa nguo za kaka yake marehemu, anarudi sokoni, anauziwa. Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni macho ya watu.

Na Afrika yetu?

Kazi zipo. Mwaka wa 2023 ilitoka Supa Team 4, hadithi ya wasichana wanne wa Lusaka iliyobuniwa na Mzambia Malenga Mulendema. Kwa kuwa ni wanne, hakuna anayelazimika kubeba wasichana wote mgongoni: mmoja anaweza kukosea, mwingine kuwa mkaidi. Nchini Kongo, Jean-Michel Kibushi alianzisha studio Malembe Maa mwaka wa 1988, akatengeneza filme kwa vibonge kutokana na hadithi za wazee. Vijana wanaochora leo kwenye telefone hawaanzi bure.

Kuna wazazi wanaosema: "Hizi filme zinafundisha watoto wetu kuasi." Tuangalie vizuri. Chihiro anateseka ili awarudishe wazazi wake. Mulan, baada ya vita, anakataa cheo, anarudi nyumbani kwa baba. Parvana anatafuta mkate wa familia. Wanachokataa ni kuambiwa hawana akili ya kuamua.

Basi, mzazi, jioni hii kaa dakika kumi na watoto mbele ya televizyo, halafu uwaulize: Huyu msichana anataka nini? Anaogopa nini? Ni nani aliamua mwisho, yeye ao mwingine? Mwanzoni alikuwa namna gani, na sasa? Waulize wavulana pia. Kama hakuna jibu hata moja, si lazima kuzima. Waombe watoto wamalizie wenyewe: wampe msichana yule jambo analolitaka, na kitu kinachomzuia, halafu wawasimulie wote nyumbani.