Ndege Haiwashwi Kama Matatu

Aliyewahi kusafiri kwa ndege anaijua hali hii. Abiria wote wameketi, mikanda imefungwa, na bado ndege haitoki. Hapo mtu huanza kunung'unika: "Mbona hawa hawaendi?" Dereva wa matatu huzungusha ufunguo na kung'oa. Rubani naye anangoja nini?

Kumbe ndege kubwa ya abiria haina ufunguo wa kuwasha. Ina swichi nyingi sana, na kila moja ina wakati wake. Tuchukue mfano wa Boeing 737-800, ndege ya injini mbili ambayo Wakenya wengi wameipanda.

Kwanza nje

Rubani mmoja huizunguka ndege kwa miguu. Hutazama matairi, mapanga ya injini, na kama kuna mafuta yanayovuja. Huangalia pia vijibomba vidogo vilivyo karibu na pua ya ndege, ambavyo hupima mwendo. Vikizibwa, hata na wadudu tu, kipima mwendo kitadanganya huko juu.

Halafu ndani

Betri ndiyo huwashwa kwanza, lakini haina nguvu ya kuzungusha injini kubwa. Kwa hivyo marubani hujaribu kengele za moto, kisha huwasha injini ndogo iliyofichwa mkiani. Hii huleta stima na hewa yenye nguvu. Vyombo vya kuonyesha njia navyo huhitaji dakika kadhaa za kutulia, na wakati huo ndege haifai kusogezwa hata kidogo. Marubani huandika kwenye kompyuta njia watakayofuata pamoja na uzito wa ndege, ili wajue ni mwendo gani unaotosha kuruka.

Mambo haya wameyafanya mara nyingi mno na wanayajua kwa kichwa. Hata hivyo, wakimaliza hushika orodha. Mmoja husoma kwa sauti, mwingine hutazama swichi yenyewe, kisha hujibu. Hajibu kwa kukumbuka, hujibu kwa kuona.

Kuwasha injini

Wakipewa ruhusa, trekta husukuma ndege kinyumenyume. Taa nyekundu huwaka ili watu walio chini wakae mbali. Pampu za mafuta huwashwa, na hewa ya baridi ya abiria hukatwa kwa muda. Ndiyo sababu wewe uliyeketi nyuma husikia ule upepo ukinyamaza: hewa yote sasa inahitajika kuzungusha injini.

Rubani hugeuza swichi ya injini moja. Hewa kutoka mkiani huanza kuizungusha, lakini mafuta hayaletwi mara moja. Hungoja sehemu ya ndani ya injini ifikie kama asilimia 25 ya mwendo wake, ndipo huinua mkono wa mafuta. Macho yake yako kwenye kipimo cha joto na cha oili. Sekunde 10 zikipita bila joto kupanda, au joto likielekea kupita kiasi, hukata mafuta na kusimamisha kazi. Mambo yakiwa sawa, huwasha injini ya pili. Kisha orodha husomwa tena.

Kwa nini hapana mchezo

Tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa ilikuwa ikiondoka hapa Nairobi, uwanja wa Embakasi, kwenda Johannesburg. Ilikuwa na watu 157. Ilipoinuka tu ilianza kutetemeka, ikashindwa kupanda, ikaanguka karibu na mwisho wa njia ya kurukia. Watu 59 walikufa.

Injini hazikuwa na kasoro. Shida ilikuwa kwenye vipande vya mbele ya mabawa, vile ambavyo hufunguliwa wakati wa kuruka ili hewa iibebe ndege ikiwa bado mwendo ni mdogo. Vilikuwa vinasukumwa kwa hewa, na vali za hewa hiyo hazikuwa zimefunguliwa. Kuzifungua kulikuwa ni hatua mojawapo ya matayarisho kabla ya kuruka. Wachunguzi walisema pia kwamba ndege yenyewe haikuwa na onyo la kutosha la kuwaambia marubani kuna hatari. Baadaye onyo hilo liliongezwa.

Fikiria basi: ndege kubwa kuliko zote za abiria wakati huo, watu wenye ujuzi mwingi, na jambo moja likawapita.

Ndiyo maana siku hizi rubani wa miaka 30 kazini husomewa orodha sawasawa na aliyeanza juzi. Haoni kuwa ni dharau, na rubani msaidizi ana wajibu wa kusema, "Kapteni, hii bado."

Safari ijayo, ndege ikikawia kidogo, vumilia. Huko mbele watu wawili wanasomeana. Na wewe unayesimamia mashine ya kusaga au pampu ya maji ya kikundi chenu, andika hatua zako za kuwasha, uzibandike ukutani, halafu umwombe mwenzako akusomee. Usione haya eti kwa sababu unazijua.