Amri Zinazojenga Jino

Katika soko la samaki la Rumonge, penye ndagala na mukeke, huletwa pia kuhe, samaki mkubwa wa jamii ya sikilidi. Samaki wa jamii hiyo, ambao karibu wote waishio Ziwa Tanganyika hawapatikani penginepo duniani, huota meno maisha yao yote: moja likidondoka, jingine huota mahali pake. Binadamu hupewa meno mara mbili tu. Askari aliyefunua kinywa mbele ya daktari siku ya kuandikishwa huenda alijiuliza sababu ya upungufu huo.

Jawabu limo katika mawasiliano ya chembe hai. Mimba ikiwa ya majuma sita hivi, utando wa juu wa ufizi hupeleka ujumbe kwa tabaka laini lililo chini yake, nalo hujibu. Ni mfano wa kikosi na makao makuu wapashanavyo habari kwa redio, ila hapa ujumbe wenyewe ni protini. Wataalamu wameziita kwa majina kama BMP na Wnt. Baadaye kikundi kidogo cha chembe hujikusanya ndani ya chipukizi la jino. Chenyewe hakikui, bali huziamuru chembe jirani zikue, na ndivyo gego lipatavyo vilele vyake. Kikimaliza kazi, hufa.

Hapo huingia zamu ya wajenzi wa enameli, lile ganda la nje ambalo hakuna kitu kigumu kulishinda mwilini. Hutandaza protini, kisha huiondoa na kujaza madini mpaka yafikie asilimia 96 ya uzito. Jino likichomoza, wajenzi hao hutoweka wote. Anayefungua chupa kwa meno, na kambini hawakosekani, huvunja kitu ambacho fundi wake hayupo tena.

Mwaka 2009 Gareth Fraser, Todd Streelman na wenzao walieleza, kwa kuchunguza sikilidi wa Ziwa Malawi, kwamba meno ya mdomoni na ya kooni hujengwa na mtandao mmoja wa kale wa jeni. Ujumbe mwingi wa mtandao huo umo hata kwetu. Kinachotupungukia ni utando wa kuupokea tena: kwa mtu huvunjika meno ya ukubwani yakishaundwa.

Kwa watoto kazi ingali ikiendelea. Maji yenye floraidi kupita kiasi, kama ya sehemu za Arusha na Kilimanjaro, huwavuruga wajenzi wa enameli, na meno hutoka na madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto wa miaka mitatu tayari anajenga, ndani ya ufizi, meno atakayoyatumia uzeeni.