Bonsai: Kila Mti na Tabia Yake

Wengi wanaoiona bonsai kwa mara ya kwanza hudhani ni aina ya pekee ya mti mfupi. Bonsai ni sanaa ya Kijapani, yenye asili katika penjing ya Wachina, ya kukuza mti wa kawaida chunguni na kuuzuia usirefuke. Mbegu ileile ikipandwa ardhini itatoa mti wa kimo kamili. Basi tujiulize: ni nini kinachouzuia mti kurefuka bila kuuua?

Jibu la kwanza limo kwenye uwiano wa mizizi na majani. Mizizi huyapa majani maji na madini. Majani huipa mizizi sukari. Upande mmoja ukipunguzwa, wa pili nao hupunguza kasi. Kwa hiyo, kila baada ya miaka 2 hadi 5, kutegemea aina na umri, mti hutolewa chunguni na mizizi yake kufumuliwa taratibu kwa kijiti. Mizizi minene hufupishwa. Ile myembamba kama nyuzi huachwa ya kutosha, kwa kuwa ndiyo inayonywa maji.

Je, mti haudhoofiki? Ukitunzwa vyema, hapana. Msonobari mweupe wa familia ya Yamaki ulianza kulelewa chunguni mwaka 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na mwaka 1976 Japani ikaupeleka Marekani kuwa zawadi. Hadi leo unatunzwa Washington.

Jambo la pili ni udongo na maji. Udongo wa bustani hushikamana chunguni, hewa ikakosekana na mizizi ikaoza. Wajapani hutumia akadama, udongo wa volkano wa punje ngumu unaopitisha maji haraka. Kumwagilia hakufuati kalenda: chomeka kidole udongoni. Ukikuta unyevu, subiri. Udongo ukianza kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini.

Jambo la tatu ni umbo. Tawi huzungushiwa waya wa shaba au alumini, kisha hupindwa polepole. Waya hukatwa kabla haujazama kwenye gome, la sivyo kovu hubaki kwa miaka.

Hadi hapa kanuni ni moja kwa miti yote. Tofauti huanza kwenye mkasi, kwa sababu kila jamii ina namna yake ya kuchipua. Tawi la msonobari likikatwa pasibakie jani hata moja, kwa kawaida hufa. Miti ya jamii ya mtarakwa hutegemea sana majani yake. Ukiyapunguza mno, mti hunyong’onyea. Mepo ya Japani ina uwezo wa kuchipua hata kwenye tawi kuukuu, na ikiwa na afya njema, majani yake yanaweza kuondolewa majira ya joto ili yanayofuata yawe madogo. Jamii ya mkuyu hustahimili kukatwa mizizi na matawi, nayo hutoa utomvu mweupe penye jeraha.

Kuna pia suala la hali ya hewa. Misonobari ya Japani, mitarakwa ya nchi za baridi na mepo huhitaji miezi ya baridi ili kupumzika. Ikiwekwa sebuleni au kwenye joto la mwaka mzima, huchoka hatua kwa hatua, hata mwagiliaji awe hodari namna gani. Mikuyu ya nchi za joto haihitaji baridi hiyo. Mbuyu nao hupumzika wakati wa ukame: ukipukutisha majani, maji hupunguzwa sana.

Ukizipima hoja hizi pamoja, utaona kwamba kuchagua mti hutangulia ufundi wa mkono. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam aanze na mkuyu, mkwaju au mbuyu, na msonobari wa Japani awaachie wenye majira ya baridi.