Maji Yakishachemka, Mkaa wa Nini?

Maharage yakichelewa kuiva, wengi wetu tunaongeza mkaa. Sufuria inanguruma, kifuniko kinarukaruka, jikoni kunajaa mvuke, na aliye na njaa anapata matumaini. Matumaini ya bure. Tumbukiza kipimajoto cha maabara (si kile cha homa, kitapasuka) kwenye maji yanayochemka taratibu. Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam kitasoma nyuzi 100 hivi. Sasa chochea moto hadi maji yafurike. Kipimajoto hakipandi ng'o.

Joto lote hilo linatoroka na mvuke. Katika maji, chembechembe zimeshikana ingawa zinateleza. Ili zigeuke gesi ni lazima zing'oke na kuachana, na kazi hiyo inakula nishati nyingi ajabu. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunataka kilojuli 335 hivi. Kuyageuza maji hayo yote kuwa mvuke kunataka kilojuli nyingine 2,257, karibu mara saba, bila jotoridi kuongezeka hata kidogo. Ndiyo maana mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto: ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na nishati yote hiyo inaishia mkononi mwako.

Joseph Black, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow, Uskoti, aliligundua jambo hili miaka ya 1760 kwa vyombo vya bati, maji na bamba la chuma lililowekwa motoni. Maji yalichemka baada ya dakika 4 hivi. Kukauka kabisa kulichukua kama dakika 20. Wanafunzi wetu wanakariri hali tatu za maada, mtihani unapita, na hakuna aliyewaambia kwamba somo lenyewe linachemka nyumbani kwao.

Kinachoweza kuyapandisha maji juu ya nyuzi 100 ni mgandamizo. Sufuria ya presha huuzuia mvuke ndani, maji yanafika nyuzi 120 hivi, na maharage yanasalimu amri mapema. Milimani mambo ni kinyume: hewa ni nyepesi, kwa hiyo Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kilele cha Kilimanjaro kwenye nyuzi 80 na kidogo. Huko juu usijisumbue na maharage.

Jaribio la kulinganisha moto mkubwa na mdogo linafanyika hata kwenye baraza la darasa. Majiko mawili, sufuria mbili sawa zenye vifuniko, maharage ya gunia moja yaliyolowekwa usiku mmoja. Pima mkaa wa kila jiko kwa mizani. Yakishachemka, moja lipunguzwe moto hadi maji yatokote tu, lingine liachwe liwake. Andikeni saa maharage yalipoiva, kisha pimeni mkaa uliobaki na maji yaliyoongezwa. Kitu kimoja tu kibadilike, yaani moto; ukiondoa na kifuniko upande mmoja, hutajua mkaa umeliwa na nini.