Kinga gani kwa njia gani?

Ndugu wanamemba, mazao mengi yetu yanafika soko la Kalemie kwa kinga. Kinga isiyofaa njia inavunjika katikati, na mihogo inabaki kando ya barabara. Kabla koperative haijatoa pesa, tuangalie kwanza njia, halafu mzigo, mwisho bei.

Mchanga wa kando ya ziwa. Pine nyembamba inazama. Hapa kinga ya mlima, ile tunaita VTT, njo inafaa, sababu pine yake ina upana wa santimeta 5 hivi. Bila mzigo, punguza upepo kidogo, itapita vizuri. Ukiwa na gunia usipunguze: janti itabana tube na kuitoboa.

Barabara ngumu na tambarare. Kinga kubwa ya chuma, pine za inchi 28, bila vitesi, inatosha. Mnyororo wake ni mnene na fundi yeyote anaijua. Ubaya wake ni freni: janti ikilowa, hazishiki vizuri.

Vilima vya nyuma ya mji. Chukua VTT yenye vitesi, ili upande bila kuumia magoti. Kushuka njo hatari kubwa. Gunia linasukuma kwa nyuma, na freni moja haitoshi. Jaribu zote mbili kabla ya kuondoka, na penye mteremko mkali shuka, tembea na kinga mkononi.

Na zile zenye springi? Springi ya nyuma inapendeza macho, lakini inakula nguvu za miguu, na kiti cha mizigo hakikai imara juu yake. Kwa kazi ya shamba tuiache.

Dukani, nenda na sumaku. Ikishika kadre, ni chuma, na fundi wa kuchomelea wa kijijini ataweza kuitengeneza ikipasuka. Isiposhika, pengine ni aluminiamu, ambayo inataka mashine yake maalum. Hesabu pia spoki za nyuma: 36 au 40 zinabeba kuliko 28. Freni za disko, uliza kwanza kama vipuri vinapatikana hapa.

Katika mkutano ujao, kila mmoja aseme anapita njia gani na anabeba kilo ngapi. Wanaopita njia moja wachukue kinga za aina moja, wasaidiane pine na tube. Mvua za mwezi wa 10 zisitukute bado tunabishana.